Nani Analipa Mafuta? Ratiba za Kwateti za Injili za Kusini mwa Marekani

Kati ya vitu vyote ambavyo kwateti ya injili, yaani kundi la waimbaji wanne, huacha nyuma yake, picha za suti zinazofanana, santuri, vitabu vya nyimbo, mimi napenda zaidi ratiba. Ile karatasi ya tarehe na miji: Ijumaa hapa, Jumamosi kule, Jumapili asubuhi kanisa hili, Jumapili jioni kanisa jingine mwendo wa saa tatu. Picha hupigwa watu wakiwa wameshanyoosha tai. Historia ya kundi huandikwa na watu wanaolipenda. Ratiba haina staha hiyo. Inakuonyesha watu hawa walilala wapi, walilala saa ngapi, na ukiisoma taratibu utaona pia ni nani aliyekuwa analipa.

Hilo la mwisho ndilo linalonivuta. Mimi ni katibu wa kwateti ya kanisa, Msabato wa Kanda ya Ziwa, na watu wa huku kwetu, kuanzia Mara mpaka Kisii ng'ambo ya mpaka, hawajambo kwa kwateti. Naimba baritoni, sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kwenda kanisani kwa ajili yake. Kazi yangu halisi ni simu: kupokea mwaliko, kumshukuru mchungaji wa mtaa, kuulizia makambi, kuulizia familia, kisha kuzungukazunguka mpaka nifike kwenye mafuta ya gari. Mtu akishakaa kwenye kiti hicho hawezi tena kusikiliza santuri ya mwaka 1950 bila kujiuliza wale wanne walifikaje studio, na jana yake walikuwa wapi.

Wazee waliotutangulia walijifunza kwa kuwasikiliza King's Heralds, waimbaji wa kipindi cha redio cha Voice of Prophecy cha Mchungaji H.M.S. Richards. King's Heralds walianza mwaka 1927 huko Texas wakiitwa Lone Star Four, na Texas ya miaka ile ilikuwa imejaa kwateti za wachapishaji wa vitabu. Ukiufuata mzizi huo unatokea kwenye ulimwengu wa injili ya Kusini ya Wamarekani weupe: tenori, sauti ya kuongoza, baritoni, besi, na mpiga piano anayechangamka kuliko wote. Ni ulimwengu wa watu waliosafiri kupita kiasi.

Mwanzo wake uko Lawrenceburg, mji mdogo wa Tennessee, kwa mchapishaji aliyeitwa James D. Vaughan. Mwaka 1910 Vaughan aliwaajiri wanaume wanne akawatuma barabarani kwa mshahara. Hawakuwa waimbaji wanaotafuta jukwaa, walikuwa wauzaji wanaotafuta wanunuzi, na bidhaa yao ilikuwa kitabu chenye nyimbo mpya. Vitabu hivyo vilitumia noti za maumbo: kila noti kati ya saba ina umbo lake, hivyo mkulima ambaye hajawahi kugusa piano anaweza kusoma sauti yake na kuiimba. Sisi tuliokulia kwenye solfa tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Sasa tazama ratiba ilivyopangwa. Baada ya palizi ya mwisho, pamba ikiwa shambani na mavuno bado, familia za Kusini zilikuwa na majuma machache ya nafasi. Hapo ndipo mwalimu wa nyimbo alipofika kuendesha shule ya kuimba, siku kumi au wiki mbili ndani ya jengo la kanisa. Wale waliofundishwa walikutana baadaye kwenye mikutano ya kuimba ya kaunti, ya kutwa nzima, watu wakija na vyakula vyao na kula pamoja nje. Kwateti ya Vaughan ilifika katikati ya mkutano, ikaimba nyimbo ambazo hakuna aliyekuwa nazo, na umati ukanunua vitabu ili uende nazo nyumbani. Kusikiliza kulikuwa bure. Kwa hiyo kalenda ilikuwa ya shamba, na mshahara ulitoka kwenye mauzo ya vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Vaughan alikuwa na kwateti kumi na kadhaa za namna hiyo zikizunguka kwa wakati mmoja, kwenye barabara ambazo nyingi zilikuwa za udongo. Anayejua barabara ya udongo wakati wa masika hahitaji maelezo yangu.

Mfumo huo ulizaa washindani. Virgil O. Stamps, aliyewahi kumfanyia kazi Vaughan, alifungua kampuni yake, akaungana na J.R. Baxter, na Stamps-Baxter ya Dallas ikawa jina kubwa kuliko la mwalimu wake. Mwaka 1936 kwateti ya Stamps ilianza kusikika kwenye redio ya KRLD ya Dallas, na hapo ndipo ratiba zilipobadilika sura.

Wengi hufikiri redio ilizipeleka kwateti mbali. Ukweli ni kwamba redio ilizifunga kamba. Kipindi kilikuwa cha kila siku na cha moja kwa moja, alfajiri au mchana, wakulima wakiwa mezani. Lazima uwe studio. Hivyo ukichukua ramani, ukaweka ncha ya bikari kwenye mnara wa redio na kuchora duara la mwendo ambao gari linaweza kwenda jioni na kurudi kabla ya kipindi cha asubuhi, umepata ratiba yote ya kundi. Ndani ya duara hilo waliimba kwenye majengo ya shule, kiingilio kikigawanywa na wazazi au walimu waliowaalika, na asubuhi yake wakatangaza hewani shule ya usiku unaofuata. Mnara ulitangaza, shule zikalipa, na juu yake kulikuwa na mdhamini anayeuza kitu chake.

Na duara huchoka. Ukishaimba shule zote mara mbili, mara tatu, watu wanakusalimia kwa majina lakini hawanunui tena tiketi. Hivyo ndivyo ninavyozisoma hamahama za Blackwood Brothers. Kundi hilo lilianza mwaka 1934 Mississippi: ndugu watatu, Roy, Doyle na James, pamoja na R.W., mtoto wa Roy. Wakahamia Shreveport, Louisiana, kuimba kwenye KWKH. Mwaka 1940 wakahamia Shenandoah, Iowa, kaskazini kabisa, mbali na nchi ya pamba. Shenandoah ni mji mdogo, lakini redio yake ya KMA ilikuwa mali ya Earl May, mfanyabiashara wa mbegu, na mnara wa muuza mbegu hujengwa ili uwafikie wakulima wengi iwezekanavyo. Duara jipya, pana, lisiloimbwa bado. Ningekuwa katibu wao ningewashauri hivyo hivyo.

Vita vikakata safari za karibu kila mtu. Petroli na matairi vikauzwa kwa mgao, vijana wakaitwa jeshini, kundi likabaki na tenori bila besi. Blackwood Brothers walikwenda San Diego kufanya kazi kwenye kiwanda cha ndege na kuimba baada ya zamu. Walirudi Iowa vita vilipoisha, na mialiko ikawazidi nguvu kiasi kwamba mnamo 1948 walikuwa na kwateti mbili zenye jina moja: moja ibaki studio, nyingine iende barabarani. Nimelitazama suluhisho hilo kwa wivu mkubwa. Kwetu kupata besi mmoja anayefika kwa wakati ni neema.

Kulikuwa na waliofaidi redio bila kusafiri kabisa. Chuck Wagon Gang, baba na watoto wake watatu, waliimba WBAP ya Fort Worth kwa udhamini wa Bewley Mills, wasagaji wa unga, na kwa miaka mingi hawakuona haja ya ziara. Unga ulilipa. Walianza kutoka nje hasa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na aliyewatoa alikuwa mtu ambaye ndiye aliyeivunja ile kamba ya redio.

Mtu huyo ni Wally Fowler. Alikuwa kiongozi wa Oak Ridge Quartet, iliyopata jina kutokana na mji wa siri wa Tennessee ambako Marekani ilikuwa ikitengeneza bomu la atomiki na ambako kundi lake lilikwenda kuwaimbia wafanyakazi wakati wa vita. Novemba 1948 Fowler alikodi Ryman Auditorium ya Nashville, akaalika kwateti kadhaa jukwaa moja, akauita mkesha wa kuimba. Stamps alikuwa ameshafanya mikesha ya namna hiyo Dallas mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini Fowler ndiye aliyeigeuza kuwa biashara ya kila mwezi, Nashville kwanza, kisha Birmingham, Atlanta, Memphis. Watu walikaa mpaka usiku wa manane, watoto wakalala kwenye viti. Kijana mmoja wa Memphis aliyeitwa Elvis Presley alikuwa akihudhuria mikesha ya Ellis Auditorium, na mapenzi yake kwa sauti za besi hayakumtoka mpaka kufa.

Kwa mkesha, mlipaji alibadilika. Si mchapishaji tena, si muuza mbegu, bali promota anayekodi ukumbi wa maelfu na kukata tiketi. Na ukumbi wa maelfu hauko kwenye duara la shule zako. Uko Atlanta leo na Birmingham kesho, kilomita zaidi ya 200, halafu Memphis, mbali zaidi. Statesmen, kundi ambalo Hovie Lister aliliunda Atlanta mwaka 1948, na Blackwood Brothers, waliokuwa wameshahamia Memphis mwaka 1950, wakaanza kufunga mikataba pamoja. Ukilitaka kundi moja unachukua yote mawili. Kwa promota ilikuwa ghali, lakini ukumbi ulijaa. Wasomaji wanaoijua injili ya Kusini watanisuta nikisema Statesmen walikuwa bora jukwaani, basi niseme tu kwamba Lister alijua kucheza na piano na kucheza na watu kwa mkono mmoja.

Tatizo ni kwamba redio haikuwa imekufa. Blackwood Brothers bado walikuwa na kipindi WMPS Memphis siku za kazi, na kumbi za miji mikubwa zilikuwa zinaita jioni. Mabwana wawili wa ratiba, kila mmoja anataka saa zake. Gari la kawaida haliwezi kuwatumikia wote wawili. Wakanunua ndege. R.W. akajifunza urubani, na Bill Lyles, besi, akawa msaidizi wake. Sifa zilikuwa zimepanda: Juni 1954 walishinda shindano la mtangazaji Arthur Godfrey lililorushwa nchi nzima kutoka New York. Siku chache baadaye, Jumatano tarehe 30 Juni, walikuwa Clanton, Alabama, mji ulio kati ya Birmingham na Montgomery, kwenye sherehe za mavuno ya matunda ya pichi. Uwanja ulikuwa mdogo. Kabla giza halijaingia R.W. na Lyles waliirusha ndege kuujaribu, wakiwa na kijana mmoja wa mji ule. Ilipokuwa inatua ilianguka ikawaka moto. James Blackwood alikuwa chini anatazama, na Jake Hess wa Statesmen ndiye aliyemshika asikimbilie kwenye moto.

Maelfu ya watu walikuja kwenye mazishi, Ellis Auditorium. Wengi huisimulia habari hii kama jaribu la imani, na ni haki yao. Mimi naiona pia kama habari ya tarehe mbili zisizopatana. Walikufa wakijaribu kufuata ratiba ambayo mwendo wa gari haukuweza kuifuata.

Kundi lilirudi jukwaani kabla wiki nyingi hazijapita. Cecil, mdogo wake R.W., akachukua baritoni, na kutoka kundi la Sunshine Boys akaja besi mrefu mwenye sauti iliyoshuka mpaka chini ya sakafu, J.D. Sumner. Sumner ndiye anayepewa sifa ya wazo lililofuata: mnamo 1955 kwateti ilichukua basi, ikang'oa viti, ikatia vitanda. Leo kila mwanamuziki mkubwa duniani analala ndani ya basi la namna hiyo, na wengi hawajui kwamba wanalala ndani ya wazo la kwateti ya kanisa.

Basi halikuwa anasa. Lilikuwa jibu la ratiba. Ukiwa na vitanda unaondoka mjini saa 6 usiku baada ya kuuza santuri ya mwisho mezani, dereva anaendesha, wewe unaamka mji mwingine. Huhitaji nyumba ya wageni, huhitaji kurudi. Mwaka uliofuata, 1956, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya barabara kuu, maili 41,000 za barabara pana zisizo na taa za kusimamisha magari. Taratibu duara la zamani likawa mstari mrefu: Jumatatu inaweza kuwa Ohio, Ijumaa Texas.

Lakini si kila kwateti ilikuwa na uhuru wa kulala popote. Huwezi kuandika ratiba za Kusini ya miaka ile ukaacha kusema kwamba zilikuwa mbili, zilizotengana kwa rangi. Kwateti za Wamarekani weusi, Soul Stirrers, Dixie Hummingbirds, Fairfield Four, zilipita barabara zile zile, pengine usiku ule ule. Fairfield Four walikuwa wakisikika kwenye WLAC ya Nashville, redio ya wati 50,000 iliyofika majimbo mengi. Sam Cooke aliingia Soul Stirrers akiwa kijana, baada ya mwimbaji wao mkuu, R.H. Harris, kuondoka mwaka 1950, na shule yake ya kwanza ya jukwaa ilikuwa safari zile. Kwao, kabla ya kuandika mji kwenye ratiba ilibidi kwanza wajue watalala wapi, watakula wapi, na kituo gani cha petroli kitawaruhusu kutumia choo. Kitabu cha Victor Hugo Green, kilichotoka New York kuanzia 1936, kiliorodhesha nyumba za wageni na migahawa iliyowapokea Weusi. Mahali pengi kitabu hakikutosha, wakalala kwa washirika wa kanisa. Kumbi za injili ya weupe zenyewe ziliwatenga wasikilizaji kwa rangi. Nyimbo zilivuka mpaka huo kila siku, kila upande ukiiga upande wa pili, huku waimbaji wenyewe wakizuiwa mlangoni. Sitaki kulipamba jambo hilo.

Mwaka 1957 Sumner na James Blackwood walianzisha mkutano wa kitaifa wa kwateti, National Quartet Convention, Memphis. Nia ilikuwa kuwaleta wote mahali pamoja kwa siku chache. Kwa jicho la katibu, walichoanzisha ni mnada wa tarehe. Kwateti inaimba dakika chache mbele ya umati, na kwenye umati wamekaa mapromota na wachungaji wenye madaftari. Ukiimba vizuri, mwaka wako ujao umejaa kabla hujashuka ngazi. Mkutano ulihamia Nashville, baadaye Louisville, Kentucky, kuanzia 1994, na tangu 2014 uko Pigeon Forge, Tennessee, mwishoni mwa Septemba. Wiki hiyo usitafute kwateti kubwa mahali pengine.

Miaka ya 1960 runinga ilichukua nafasi ya redio, kwa tofauti moja muhimu: vipindi vilirekodiwa. Gospel Singing Jubilee, kilichoanza 1964 kikiongozwa na Florida Boys, kilirekodiwa vipindi kadhaa kwa mfululizo, kisha kikarushwa Jumapili asubuhi watu wakivaa kwenda kanisani, wakati waimbaji wenyewe wako kilomita 800 kutoka hapo. Kamba ikakatika. Mwaka 1965 Don Light alifungua Nashville ofisi ya kupanga ziara za waimbaji wa injili, na mwaka 1969 J.G. Whitfield, promota wa Florida, akaanzisha gazeti la Singing News, lililobeba matangazo na tarehe za matamasha. Whitfield ndiye aliyekuwa nyuma ya mkesha wa Bonifay, Florida, kila Julai uwanjani, watu wamekuja na viti na mablanketi. Nadhani hicho ndicho kilele, kama unaangalia wingi wa safari tu. Baadhi ya makundi yalikuwa barabarani zaidi ya siku 200 kwa mwaka.

Kuna kwateti moja ya enzi hizo ninayoipenda kwa sababu ilifanya kinyume. Inspirations wa Bryson City, North Carolina, walianzishwa mwaka 1964 na Martin Cook, mwalimu wa kemia, pamoja na wanafunzi wake wa sekondari. Ratiba yao ya kwanza ilikuwa ya shule: wikiendi na likizo, Jumatatu mwalimu yuko darasani. Walipoacha kazi na kuingia barabarani moja kwa moja mwaka 1969 waliwaita pia watu waje kwao, mlimani, kwenye tamasha lao la kila mwaka karibu na tarehe 4 Julai. Badala ya basi moja kuwafuata maelfu, magari ya maelfu yakalifuata basi moja likiwa limeegeshwa.

Kisha mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha kuuza mafuta Marekani, na Novemba Rais Nixon akaviomba vituo visiuze petroli kuanzia Jumamosi saa 3 usiku mpaka Jumapili usiku wa manane. Fikiria ombi hilo kwa macho ya kwateti. Katika saa zote za juma, hizo ndizo walizoishi kwazo. Basi lenyewe lilitumia dizeli, lakini msikilizaji alikuja kwa gari lake la petroli kutoka kijiji cha mbali, na sasa hana hakika ya kurudi. Januari 1974 ikaja sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, nchi nzima. Umbali uliokuwa wa usiku mmoja ukawa wa usiku na asubuhi. Bei ya dizeli haikurudi tena ilikokuwa. Sisemi mafuta peke yake yaliua kumbi kubwa, kwa sababu ladha za vijana zilikuwa zinabadilika na promota mmoja mmoja alikuwa anazeeka, lakini ratiba za baada ya hapo zinaonyesha miji mikubwa ikipungua na makanisa yakiongezeka.

Sumner wakati huo alikuwa ameshajitoa kwenye hesabu hiyo. Akiwa na kundi la Stamps Quartet alimfuata Elvis kuanzia mwishoni mwa 1971 mpaka 1977, Las Vegas na viwanja vya michezo vya nchi nzima, mlipaji akiwa mmoja asiyeuliza bei ya mafuta. Wapo waumini waliomlaumu. Mimi simlaumu.

Waliobaki walijifunza kuishi kwa mchungaji. Alhamisi jioni basi linaondoka, Ijumaa kanisa, Jumamosi labda ukumbi wa shule, Jumapili asubuhi ibada, Jumapili jioni kanisa lingine, Jumatatu alfajiri nyumbani. Kiingilio hakuna. Kuna sadaka ya upendo, kikapu kinapita, na mlangoni kuna meza ya kanda na santuri. Wanaoifahamu kazi hii watakuambia kwamba mara nyingi meza hulisha familia na kikapu hulisha basi. Mchungaji akilitaja kundi kwa uchangamfu kabla ya kikapu, mafuta yamepatikana. Akisahau, au akahubiri kwanza dakika 40 juu ya jengo jipya la kanisa lake, hesabu ya juma zima inayumba. Hapa nawaelewa watu hawa kama ndugu wa tumbo moja.

Ndani ya mfumo huo ndimo walimokulia Cathedrals, waliozaliwa kwenye kanisa la mhubiri Rex Humbard huko Akron, Ohio, wakatoka kujitegemea mwaka 1969. Glen Payne aliongoza, George Younce alishika besi. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa, ya mwisho ikawa ya kumbi zilizojaa. Walitangaza kwamba 1999 ungekuwa mwaka wa kuaga, ratiba ikajaa mpaka Desemba. Septemba, wiki ya mkutano wa Louisville, Payne aliugua, na ikagundulika ana saratani ya ini. Aliwaimbia watu waliokusanyika Freedom Hall, ukumbi wa mkutano huo, kwa simu kutoka kitandani hospitalini. Alifariki Oktoba. Wenzake walimaliza tarehe zilizobaki mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa tiketi zilikuwa zimeuzwa na watu walikuwa wanakuja kuwaaga. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1998, Sumner alikuwa amefariki chumbani hotelini Myrtle Beach, South Carolina, akiwa safarini kuimba.

Wakati huo huo Bill Gaither, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za injili, alikuwa amefungua njia nyingine. Mwaka 1991 aliwakusanya wazee wa injili studio, kamera ikaachwa iendelee, na video hiyo ikazaa nyingine nyingi. Kufika katikati ya miaka ya 1990 wazee waliokuwa wameshastaafu walikuwa tena viwanjani, wakisafiri kwa kundi kubwa lenye mlipaji mmoja. Mkesha wa Fowler ulikuwa umerudi, isipokuwa watu walilala mapema.

Ratiba za leo zina vitu vya kuchekesha kidogo. Meli za kitalii, kwa mfano: wiki nzima baharini na kwateti tano, umati hauwezi kuondoka hata ukichoka. Au bustani ya burudani ya Dollywood, ambako Kingdom Heirs waliimba miongo kwa miongo mahali pamoja, maonyesho kadhaa kwa siku, basi likipata kutu. Machi 2020 tarehe zilifutwa zote kwa pamoja, na makundi yakaimbia kamera sebuleni yakiomba sadaka kwa njia ya simu. Kurudi barabarani kuliwakuta dereva ni haba na bei ya kukarabati basi imepanda. Wengi sasa ni waimbaji wa wikiendi: huyu ni fundi wa umeme, yule ni mchungaji kijana, wanaishi majimbo tofauti na kukutana Ijumaa kwenye maegesho ya duka kando ya barabara kuu, pale basi linapowasubiri.

Niliwasomea wenzangu sehemu ya makala hii baada ya mazoezi. Tenori alisema yeye angeishi miaka ya Vaughan, kwa sababu kulikuwa na mshahara. Besi alitaka 1955, kwa ajili ya basi. Kiongozi wetu ni mwalimu wa sekondari. Yeye alimchagua Martin Cook, halafu akauliza kama nimeshapata jibu la mkuu wa shule kuhusu ruhusa yake ya Ijumaa.